Majibu Yametoka, Nani Atayaeleza?



Zamani kijana akitaka kuoa, kabla ya barua ya posa kuandikwa, wazee walimtuma mtu akachunguze. Mtu huyo hakwenda kwa wenye binti. Alikaa barazani kwa jirani, akanywa kahawa kikombe cha kwanza na cha pili, akazungumzia mvua na bei ya nazi. Katikati ya hayo ndipo alipochomeka lake: ukoo ule hauna kifafa? Hakuna aliyezaliwa kiziwi? Yule shangazi yao aliyekufa kijana, aliumwa nini hasa? Akirudi kwao alikuwa amebeba ukoo mzima kichwani, vizazi vitatu, bila kalamu wala karatasi.

Kazi inayofanana na hiyo leo inasomewa chuo kikuu. Wapo madaktari bingwa wa jenetiki, yaani elimu ya vinasaba na magonjwa ya kurithi. Na wapo washauri wa vinasaba, ambao kazi yao ni kukaa na familia na kuieleza imerithi nini, imerithi vipi, na mbele kuna nini. Jioni hii nataka tuone watu hao wanavyofundishwa. Lakini kabla ya kwenda vyuoni, twende kwanza kwenye benchi la kliniki.

Mwaka juzi mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alinipigia simu saa nne usiku. Mwanawe wa miezi minane alikuwa amevimba viganja na nyayo, akiguswa analia. Walishazunguka sana. Hapa waliambiwa ameanguka, pale waliambiwa ni mdudu, kwingine wakapewa dawa ya kuchua. Mwishowe hospitali moja ikawapima damu wote watatu, na majibu yakatoka dirishani. Karatasi ya mtoto iliandikwa SS. Ya mama AS. Ya baba AS. Aliyezitoa alisema, "Mtoto ana selimundu, nyie ni wabebaji, njooni kliniki Alhamisi." Kisha akaita namba inayofuata.

"Mjomba," mpwa wangu akaniuliza, "sasa hii ya kwangu italipuka lini?"

Swali lile lilinikosesha usingizi. Aliyeuliza si mjinga, ana stashahada ya uhasibu. Ila elimu yake ya vipimo vya damu, kama ilivyo kwa wengi wetu, aliipata katika UKIMWI. Tulifundishwa miaka na miaka kwamba mtu anaweza kuwa na virusi huku anaonekana mzima, halafu siku moja ugonjwa ukajitokeza. Basi akisikia "mbebaji", anachosikia ni "bado hujaanza kuumwa". Kumbe AS si ugonjwa unaosubiri zamu. Mwenye AS amepokea kinasaba cha selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu, kwa mzazi mmoja na cha kawaida kwa mwingine, na wengi wao huishi na kuzeeka bila kujua. AS haigeuki kuwa SS hata ikae miaka mia.

Nyumbani nako mama mkwe alishatoa hukumu: "Kwetu hatuna damu hiyo." Mume, kwa upande wake, alisikia mahali kwamba ni mtoto mmoja kati ya wanne, akajipa moyo: "Mgonjwa tumeshampata, watatu wanaofuata watakuwa wazima." Karatasi tatu, herufi sita, na tayari nyumba moja imeshapotea njia tatu.

Alhamisi niliwasindikiza. Tulipokewa na muuguzi mmoja mtu mzima, miwani yake inaning'inia shingoni kwa uzi. Jambo la kwanza alilofanya ni kufunga mlango. La pili, hakueleza chochote. Aliuliza: "Tangu mpate majibu, nani amewaambia nini?" Akasikiliza yote, ya kulipuka, ya mama mkwe, ya watatu wazima, bila kukatiza na bila kucheka. Ndipo akafungua pochi akatoa sarafu mbili za shilingi 200. Moja akampa baba, moja akampa mama.

"Upande huu kuna Mzee Karume," akasema, "na huu kuna simba. Tufanye simba ndiye kinasaba cha selimundu. Kila mmoja wenu ana sarafu yenye pande zote mbili. Hiyo ndiyo AS yenu." Akamgeukia mume, ambaye ni Yanga wa kufa na kuzikana. "Na usinune, baba, huyu simba si wa Msimbazi." Mume akacheka, mara ya kwanza wiki ile.

Wakarusha pamoja. Karume na Karume, mtoto hana kinasaba hicho kabisa. Karume na simba, mtoto ni mbebaji kama wazazi wake, na hiyo huweza kuja kwa njia mbili, simba akitoka kwa baba au akitoka kwa mama. Simba na simba, mtoto ana selimundu. Wakarusha mara kumi na mbili, muuguzi akipiga vistari nyuma ya karatasi ya majibu. Kwa hesabu ungetegemea simba wawili waje mara tatu. Walikuja mara nne, na mbili kati ya hizo zilifuatana.

"Umeona?" akamwambia mume. "Sarafu haikumbuki jana iliangukaje. Kila mimba ni kurusha upya."

Kisha akaziacha mezani zote mbili, simba juu, akanyamaza kidogo. Akauliza polepole: "Hawa simba wawili, mmoja ametoka wapi, na mwingine ametoka wapi?"

Mume alizitazama sarafu muda mrefu. "Mmoja ametoka kwangu," akasema.

Msikilizaji, katika chumba kile hakuna aliyemlaumu mtu, na neno la mama mkwe lilikufa bila kujibiwa. Muuguzi akaongeza kwamba kinasaba hicho si laana. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha katika utafiti aliouchapisha mwaka 1954 kwamba wenye AS wana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana kimeenea katika nchi zenye mbu kama zetu. Kisha akaeleza matunzo ya mtoto: penisilini, chanjo, maji mengi, kuwahi hospitali homa ikipanda, na dawa ya haidroksiyurea, ambayo imejaribiwa kwa watoto wa Kinshasa, Kilifi, Mbale na Luanda ikaonekana inawafaa. Mwisho mume akauliza lililomleta: "Sasa sista, tuzae tena au tusizae?"

"Hilo ni lenu," akajibu. "Langu mimi ni kuhakikisha mnazijua sarafu zenu."

Ilichukua dakika arobaini. Nilipomuuliza alikojifunzia, alisema alipata semina za ushauri nasaha enzi za UKIMWI, mengine amefundishwa na akina mama wenyewe, mwaka baada ya mwaka. "Wenzetu huko nje wanasomea," akasema. "Mimi nimeokoteza."

Haya, tuwatazame hao wanaosomea.

Shahada ya kwanza ya uzamili ya ushauri wa vinasaba duniani ilianzishwa mwaka 1969 katika Sarah Lawrence College, chuo kidogo karibu na jiji la New York. Aliyeianzisha, Melissa Richter, alikuwa akitafuta njia ya kuwarudisha kazini wanawake wenye elimu waliokuwa wamekaa nyumbani wakilea. Aliona kwamba madaktari wa magonjwa ya kurithi walikuwa wachache na hawakuwa na muda, huku familia zina maswali yasiyokwisha. Baadaye programu ile iliongozwa na Joan Marks, mfanyakazi wa ustawi wa jamii katika tiba ya akili, naye akasisitiza kwamba mwanafunzi ajue vinasaba lakini ajue pia huzuni, hatia na aibu. Tangu hapo masomo haya yana miguu miwili, mmoja maabara na mwingine moyoni mwa mtu.

Leo Marekani mafunzo hayo huchukua kama miaka 2. Kitu cha kwanza ambacho mwanafunzi hufundishwa ni kile alichokifanya yule mchunguzi wetu wa barazani, ila sasa kwa kalamu. Anachora ukoo. Mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara. Mgonjwa hutiwa wino, aliyefariki hukatwa kwa mstari wa mshazari, na mshale humwonyesha yule ambaye kwa ajili yake familia imekuja. Waliooana wakiwa ndugu huunganishwa kwa mistari miwili badala ya mmoja.

Hiyo mistari miwili inatuhusu. Pwani tuna msemo, binamu nyama ya hamu, na ndoa za watoto wa ami si habari mpya Lamu, Unguja wala Muscat. Asiyefundishwa atawaambia mabinamu moja kati ya mawili, ama "hakuna neno", ama "mtazaa vilema". Aliyefundishwa anajua kwamba kila wazazi, hata wasio na udugu, wana uwezekano wa asilimia 2 au 3 hivi wa kupata mtoto mwenye kasoro kubwa ya kuzaliwa. Kwa mabinamu wa kwanza nyongeza juu ya hapo ni kama asilimia 2 au 3 nyingine, ikiwa hakuna ugonjwa wa kurithi unaojulikana katika ukoo. Upo ugonjwa? Basi hesabu inabadilika, na ndiyo maana ukoo unachorwa kabla ya mtu kufumbua mdomo kutoa jibu.

Baada ya kuchora, mwanafunzi hupelekwa kliniki. Kule Marekani hamalizi masomo kabla ya kushiriki katika visa visivyopungua 50 chini ya macho ya mshauri mzoefu. Kabla ya hapo huigizana darasani, mmoja akiwa mama aliyepewa habari mbaya na mwingine akiwa mshauri. Wanajifunza kukaa kimya mtu akilia, na kuuliza kabla ya kueleza. Wanajifunza kutosema "usijali", kwa sababu mtu anayejali akiambiwa asijali hujiona hajasikika.

Kwa madaktari njia ni ndefu zaidi. Kule kule Marekani, aliyekwisha kuhitimu udaktari hufanya angalau mwaka 1 wa kuhudumia wagonjwa, kisha miaka 2 ya ubingwa wa jenetiki. Wengine huuchanganya na ubingwa wa watoto, jumla ikawa miaka 4. Daktari huyu anayesomea ubingwa, yaani rezidenti, hujifunza kumtazama mtoto kwa jicho jingine. Anaona mkunjo mmoja unaokata kiganja kizima, masikio yaliyokaa chini ya mstari wa macho, madoa ya rangi ya chai ya maziwa mgongoni. Kila dalili peke yake huenda isiwe kitu, zikikutana zinaweza kuwa jina la ugonjwa.

Na hujifunza kusema "bado haijulikani". Hilo ni gumu kuliko yote. Mashine za siku hizi husoma vinasaba vyote vya mtu, lakini majibu si ndiyo na hapana peke yake. Kuna badiliko linalojulikana kuwa na madhara, kuna lisilo na madhara, na katikati kuna lile ambalo maana yake haijajulikana. Sisi Waafrika tunaangukia hapo katikati mara nyingi zaidi, kwa sababu hazina kubwa za kulinganishia zimejazwa zaidi vinasaba vya watu wenye asili ya Ulaya. Daktari asiyefunzwa atalichukua badiliko hilo la katikati akalitolea hukumu, na hukumu ya kinasaba humfuata mtu mpaka kwa wajukuu.

Pamoja na uzito wote huo, nafasi za kusomea ubingwa huu mara nyingi hubaki wazi hata huko kwa wenzetu. Kisu hakipo, na mwenye kazi ya kusikiliza saa nzima analipwa chini ya mwenye kazi ya kukata dakika ishirini.

Sasa msikilizaji utaniuliza, mbona wanafundishwa kutoa maelezo na kunyima uamuzi? Mtu ana miaka 2, ana miaka 4 ya shule, kwa nini asiseme tu "zaeni" au "msizae"?

Jibu liko katika historia, nayo si nzuri. Huko Minneapolis aliishi daktari mmoja, Charles Dight, aliyeamini kwamba binadamu aboreshwe kwa kuchaguliwa nani azae, kama mfugaji anavyochagua dume la mbegu. Mwaka 1933 alimwandikia Hitler barua ya kumsifu kwa kuifuata njia hiyo. Dight hakuwa peke yake. Katika karne ile majimbo mengi ya Marekani yalikuwa na sheria za kuwafunga kizazi watu waliohukumiwa kuwa na urithi mbaya, na watu zaidi ya 60,000 walifungwa. Dight alipokufa aliacha mali yake ijenge taasisi ya kuendeleza fikra hizo katika Chuo Kikuu cha Minnesota.

Mwaka 1947 taasisi hiyo ikapata mkurugenzi mpya, Sheldon Reed. Huyu aliketi kwenye kiti kilicholipiwa na Dight akaifanya kazi kinyume na Dight. Aliona kwamba familia inayouliza juu ya urithi inahitaji msaada wa kibinadamu, na kwamba uamuzi wa kuzaa ni wa wenye kuzaa. Yeye ndiye aliyelibuni jina la ushauri wa vinasaba. Kwa hiyo lile jibu la muuguzi wetu, "hilo ni lenu", lina ukoo wake, na baba yake ni mtu aliyekataa urithi aliokabidhiwa.

Mwingine aliyekuwa na sababu ya kukataa ni Arno Motulsky. Mwaka 1939, akiwa kijana Myahudi wa miaka 15, alipanda meli ya St. Louis kutoka Ujerumani pamoja na wakimbizi wengine zaidi ya 900. Kuba ikawazuia, Marekani ikawafungia mlango, meli ikarudi Ulaya. Alipita katika kambi za wafungwa Ufaransa kabla ya kufika Marekani mwaka 1941. Mtu huyu, aliyewindwa kwa sababu ya damu ya wazazi wake, ndiye aliyefungua mwaka 1957 huko Seattle moja ya idara za kwanza za kufundisha madaktari jenetiki ya tiba. Utafiti ukamleta hadi Kongo, akachunguza mabadiliko ya damu yanayoendana na malaria. Ndiyo kusema, miongoni mwa waliojenga shule hii wamo waliojua kwa ngozi zao elimu ya urithi inavyogeuka rungu.

Rungu hilo lilionekana tena kwenye selimundu yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Marekani ilikuwa na kipimo rahisi cha damu, na majimbo kadhaa yakaharakisha kutunga sheria za kuwapima Wamarekani weusi, wengine wakienda kuoa, wengine wakiandikishwa shule. Wapimaji walikuwepo, waelezaji hawakutosha. Hata baadhi ya waliotunga sheria walichanganya AS na SS, mbebaji na mgonjwa. Matokeo yake watu wazima wa afya wakanyimwa bima au wakatozwa zaidi, wengine wakanyimwa kazi kwenye ndege, na chuo cha jeshi la anga la nchi hiyo kikaendelea kuwakataa wabebaji hadi 1981. Sheria ya taifa ya mwaka 1972 ikabidi iweke sharti kwamba programu zitakazopewa fedha zipime kwa hiari ya mtu na zitoe ushauri pia. Kosa lile lile la mpwa wangu, la "italipuka lini", lilifanywa na mabunge.

Turudi kwetu Afrika. Bara hili si geni katika mafunzo haya. Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, kilianza kusomesha washauri wa vinasaba mwishoni mwa miaka ya 1980, na Cape Town ikafuata. Hebu fikiria, ni nchi iliyokuwa ikiwaandikisha watu kwa rangi zao kwa sheria! Idara ya Witwatersrand ilijengwa na Profesa Trevor Jenkins. Steve Biko alipofia mikononi mwa polisi mwaka 1977, na baraza la madaktari likakataa kuwachukulia hatua madaktari waliomhudumia, Jenkins alikuwa miongoni mwa madaktari waliolipeleka baraza hilo mahakamani, wakashinda.

Mwenzake, Jennifer Kromberg, alikwenda Soweto kwa akina mama waliojifungua watoto wenye ualbino. Pamoja na wenzake waliona kwamba mwanzoni baadhi ya mama walisita hata kumbeba mtoto, na kwamba kadiri miezi ilivyopita mapenzi yalikua. Walikutana pia na imani kwamba mtu mwenye ualbino hafi, hutoweka. Imani hiyo tunaijua. Tanzania tumeisikia pamoja na jina la zamani ambalo leo hatulitumii, na tumeona damu iliyomwagika kwa ajili yake. Basi ijulikane: ualbino hurithiwa kwa sarafu mbili vilevile. Badiliko moja la kinasaba kinachoitwa OCA2 ndilo lililoenea kwa wengi wenye ualbino kusini mwa Sahara, Tanzania ikiwemo. Simba mmoja kwa baba, simba mmoja kwa mama. Mwanamke anayefukuzwa kwa kuzaa mtoto mweupe anafukuzwa na mwenye nusu ya habari yote.

Jirani zetu nao wameanza. Kinshasa kuna kituo cha jenetiki ya binadamu, Kigali kipo pia, kilichoongozwa na Profesa Léon Mutesa. Wengi wa walioviinua walisomea Ubelgiji, kisha wakarudi. Na Muhimbili pana kazi ya selimundu inayojulikana duniani, iliyoongozwa na Profesa Julie Makani tangu miaka ya 2000. Huko Dar es Salaam watoto wachanga karibu 4,000 walipimwa katika jaribio la miaka ya 2015 na 2016. Katika kila watoto 1,000, kama 8 walikuwa na selimundu, na zaidi ya 120 walikuwa wabebaji.

Hesabu hiyo tuitafune vizuri. Wale 8 wana daktari wa kuwashughulikia. Wale 120, nani atazungumza na wazazi wao? Hawaumwi, hawahitaji kitanda wala dawa. Wanahitaji maelezo ya dakika arobaini na mlango uliofungwa. Tukipima watoto wa nchi nzima, ambamo inakadiriwa watoto kama 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka, wabebaji watakuwa mara nyingi zaidi ya hao. Kipimo kinaweza kuagizwa kikafika bandarini baada ya miezi michache. Mtu wa kukieleza haagizwi. Anasomeshwa.

Mimi si waziri, lakini nina maneno matatu.

La kwanza, tusingoje mpaka tuwe na kila kitu. Rezidenti wa magonjwa ya watoto na wa uzazi wanakaa chuoni miaka 3. Miezi michache kati ya hiyo iwe ya jenetiki kwelikweli, ya kuchora ukoo na kukaa na familia, na mtihani wake usiwe wa karatasi tu.

La pili, ushauri wa vinasaba uwe shahada na uwe kazi. Muuguzi akisomea miaka 2 halafu akarudi kwenye mshahara ule ule na wodi ile ile kwa sababu cheo chake hakimo kwenye muundo wa utumishi, tutakuwa tumemsomeshea nchi nyingine. Tumewahi kuweza. Enzi za vituo vya Angaza hukupewa majibu ya virusi bila mshauri nasaha, wa kabla na wa baada ya kipimo, na hakuna aliyesema ni anasa.

La tatu, mafunzo hayo yapimwe kwa Kiswahili. Mwanafunzi aweze kujibu maswali ya watahini kwa Kiingereza chake, sawa, lakini aketi pia mbele ya bibi wa Kilosa amweleze AS hadi bibi aweze kumweleza jirani yake. Neno "mbebaji" limeshachanganywa na virusi, basi na litafutiwe mwenzake. Neno hilo halitatoka kwenye kamusi. Litatoka kwa watu wanaoketi na wagonjwa kila siku wakasikia lipi linaeleweka na lipi linatisha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila kwa maradhi ya ukoo mara nyingi mtu hafichi, hana maneno tu.

Mpwa wangu na mumewe bado wako pamoja. Mtoto anakwenda kliniki, anakimbia, akiumwa anawahishwa. Karatasi zile tatu zimo kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi yake, na nyuma ya mojawapo vile vistari kumi na mbili bado vinasomeka.

Mwezi uliopita nilipita kliniki ile kumsalimia yule muuguzi. Nikaambiwa amestaafu tangu Juni. Niliuliza nani sasa anakaa na wazazi wanaopewa majibu. Kijana wa mapokezi alinitazama kama hakuelewa swali, akaninyooshea kidole dirishani. Chumba chake kilikuwa wazi, kimewekwa kabati la mafaili, na pale mlangoni watu watatu walikuwa wamesimama, kila mmoja na karatasi yake mkononi, wakisomeana herufi.